Jinsi ya kutambua ndege za zamani kwenye filamu, hatua kwa hatua

Filamu ya zamani ikidai kwamba kisa chake kilitokea Entebbe, Butiaba au Port Bell, mimi huangalia ndege kwanza. Nguo hushonwa upya, majengo hupakwa rangi, mtaa mzima hujengwa ndani ya studio, lakini ni nadra mtu kuunda ndege nzima inayoruka kwa ajili ya filamu moja. Watengenezaji hukodi ile iliyo karibu, huibandika herufi mpya, kazi ikaendelea. Ndiyo maana ndege husema mengi: picha ilipigwa baada ya mwaka gani, ilipigwa nchi gani, na kama waliopiga walifika kweli huku kwetu.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya ziada ya kuijua kazi hii. Nchi yetu haina bahari, lakini mwaka 1931 ndege za majini za shirika la Uingereza, Imperial Airways, zilianza kutua Butiaba kwenye Ziwa Albert na Port Bell kwenye Ziwa Victoria. Februari 1952, Elizabeth aliondoka Entebbe kurudi London akiwa tayari ni malkia, baba yake akiwa amefariki usiku uliotangulia. Mei mwaka huohuo, Comet ilipoanza safari za kwanza duniani za abiria kwa ndege ya jeti, kutoka London hadi Johannesburg, Entebbe ilikuwa kituo kimojawapo. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway alianguka na ndege mara mbili kwa siku mbili, zote ndani ya Uganda. Kisha ikaja Julai 1976, makomando wa Israeli walipowaokoa mateka wa ndege iliyotekwa uwanjani Entebbe, ambayo hakuna asiyeijua. Mengi ya mambo haya yalipigwa picha au yaliigizwa baadaye, na mara nyingi ndege inayoonekana siyo iliyokuwepo. Nataka mtazamaji wa hapa aweze kusema "hapana, ile siyo" akiwa na ushahidi mkononi, maana watoto wetu wanaijua historia ya nchi kwa picha hizi kuliko kwa vitabu.

Hatua ya 1: Pata nakala nzuri, kisha isimamishe

Kwenye kibanda cha video huwezi kumwambia mwenye mashine asimamishe filamu ili ukague mkia wa ndege. Na sauti ya VJ, yaani mtafsiri anayesimulia filamu, ambayo ndiyo raha yenyewe ya kibanda, hufunika mngurumo wa injini. Yeye anasimulia kisa. Kukagua ndege ni kazi yako. Ukiwa kibandani shika jina la filamu na tukio lenyewe, halafu itafute nyumbani.

Nakala ya 240p inaokoa bando lakini haikufai kwa kazi hii, kwa sababu herufi zilizoandikwa kwenye bodi, yaani mwili wa ndege, hugeuka ukungu na nyaya za mabawa hupotea kabisa. Afadhali ushushe nakala ya ubora wa juu mara moja na kuihifadhi kuliko kuistrimu kila siku. Kwenye kompyuta, programu ya VLC husogeza picha fremu moja moja ukibonyeza herufi E. YouTube nayo, ukishasimamisha video kwenye kompyuta, husogea fremu moja mbele kwa kitufe cha nukta na kurudi nyuma kwa kitufe cha mkato. Kwenye simu, piga skrinishoti nyingi kisha uchague.

Fremu ya kuitafuta ni ile ambayo ndege inakata kona. Ndege ikiwa imelala upande huonyesha umbo lote la bawa, kutoka mzizi hadi ncha, na bawa ndilo lisilodanganya. Fremu ya ndege inayokuja moja kwa moja kwenye kamera inapendeza machoni lakini haisaidii sana, isipokuwa kuhesabu injini. Kila fremu unayohifadhi, iandikie dakika na sekunde.

Hatua ya 2: Usidhani ni ndege moja

Hili huwapoteza watu wengi. Mhusika anapanda ndege, ndege inapaa, inaonekana juu ya mawingu, inatua, anashuka. Kwenye hadithi ni ndege moja, lakini kwenye picha zinaweza kuwa nne. Filamu za bei nafuu zilinunua vipande vilivyokwisha kupigwa na watu wengine, kwa hiyo inayopaa ni Boeing 707 na inayotua ni Douglas DC-8. Zote mbili zina injini nne chini ya mabawa, na kwa haraka huwezi kuzitofautisha. Angalia chini ya pua: DC-8 ina matundu mawili ya kuingiza hewa, na madirisha yake ya abiria ni makubwa na machache kuliko ya 707.

Kwa hiyo gawa tukio vipande vipande: ndege ikiwa chini, ikipaa, ikiwa angani, ndani ya chumba cha abiria, ikitua. Kila kipande kitambue peke yake, na usibebe jibu la kipande kimoja kulipeleka kwenye kingine. Rangi ya picha ikibadilika ghafla, au chembechembe zikiongezeka, kuna uwezekano mkubwa kipande hicho kimetoka kwenye filamu nyingine.

Chumba cha ndani mara nyingi ni cha studio. Dari likiwa juu mno kiasi kwamba mtu mrefu anatembea wima ndani ya ndege ambayo kwa nje ni ndogo, acha kukisumbukia chumba hicho na urudi nje.

Angalia pia kama picha imegeuzwa kushoto kulia. Wahariri hufanya hivyo ili ndege ielekee upande wanaoutaka. Maandishi yakisomeka kinyumenyume umeshajua. Yasipoonekana, tumia kitu kinachojulikana kiko upande gani: kwa mfano, mlango mkubwa wa mizigo wa C-47, ile DC-3 ya kijeshi, uko upande wa kushoto karibu na mkia.

Na kuna modeli, yaani ndege ndogo ya kuchezea iliyopigwa kwa karibu. Maji ndiyo huiumbua. Tone la maji halipungui ukubwa kwa sababu ndege imepungua, kwa hiyo ndege ya majini ya modeli ikitua utaona matone makubwa mno kando ya bodi. Moto na moshi vina tabia hiyohiyo.

Hatua ya 3: Uliza umbo, kwa mpangilio

Usianze na jina. Anza na maswali, na uyajibu kwa maandishi hata kama unadhani unajua.

Mabawa: ni jozi moja, au jozi mbili, ya juu na ya chini? Kama ni moja, imefungwa juu ya bodi au chini yake? Kuna nguzo inayolishikilia? Ukingo wa mbele umenyooka au umerudi nyuma? Ukingo wa nyuma je?

Injini: ngapi, na ziko wapi? Za propela zina aina mbili kubwa. Ya kwanza ina silinda zilizopangwa kwa duara kuzunguka ekseli, na uso wake ni mpana na wa mviringo. Ya pili ina silinda zilizofuatana kwa mstari, na uso wake ni mwembamba na mrefu. Tofauti hii peke yake huondoa nusu ya majina.

Mkia: mkia wa wima ni mmoja, miwili au mitatu? Bapa la mlalo liko chini, au limepanda juu kabisa na kufanya herufi T?

Magurudumu: ndege ikiwa chini, inakaa sawa juu ya gurudumu la pua, au inakalia mkia huku pua ikitazama juu? Ikiwa angani, magurudumu yanakunjwa yote, nusu, au yanabaki nje?

Ukishajibu haya manne, pua na madirisha humalizia.

Hatua ya 4: Zijue zile zilizopita kwetu

Huhitaji kujua ndege zote za dunia. Kwa filamu zinazohusu Afrika Mashariki, ukoo mdogo hujirudia, na ukiufahamu vizuri utatambua sehemu kubwa ya unayoyaona.

De Havilland Dragon Rapide ndiyo ya kuanza nayo, kwani shirika la East African Airways lilipoanzishwa mwaka 1946 lilianza na ndege hizi. Ina mabawa ya juu na ya chini, injini mbili za mstari, na mabawa yanayopungua hadi ncha nyembamba. Magurudumu hayakunjwi, yamefunikwa kwa vifuniko vikubwa vinavyoshuka kutoka kwenye injini. Ukiona ndege ya sura hiyo yenye injini nne, ni DH.86. Ukiona mabawa mapana yasiyochongoka, umekutana na kaka yake mkubwa, Dragon ya kwanza, DH.84. Rapide iliruka mara ya kwanza mwaka 1934 na nyingine bado zinaruka, hivyo watengeneza filamu wanaipata bila taabu.

DC-3 inajulikana zaidi, na bado watu huikosea. Ina injini mbili za duara, bawa la chini, gurudumu la nyuma. Ukingo wa mbele wa bawa umerudi nyuma ilhali ukingo wa nyuma umenyooka karibu kabisa, na magurudumu yakikunjwa hubaki yamechungulia nje. Watu huichanganya na Lodestar ya Lockheed, ambayo nayo ilitumika na East African Airways, lakini Lodestar ina mikia miwili ya wima. Huhitaji zaidi ya hapo.

Ndege za majini zina utamu wake. Zile za 1931 zilikuwa Short Calcutta: mabawa ya juu na ya chini, injini tatu zikiwa zimesimama katikati ya mabawa hayo, na tumbo lenye umbo la mtumbwi. Kuanzia 1937 zikaja Short Empire, zenye bawa moja la juu, injini nne na madirisha kwa ghorofa mbili. Filamu nyingi zinazotaka kuonyesha Empire hutumia Sunderland, ndugu yake wa kijeshi, kwa sababu Sunderland zilibaki nyingi baada ya vita. Tazama pua na ncha ya mkia: kukiwa na kibanda cha bunduki, au alama ya mahali kilipozibwa, hiyo si ndege ya abiria iliyotua Port Bell kabla ya vita.

Comet huitambua mtu yeyote akishaonyeshwa mara moja, kwa kuwa injini zake nne zimefichwa ndani ya mabawa, pale yanapoungana na bodi. Kazi ni kujua ni Comet gani. Ile ya 1952 iliyopita Entebbe ilikuwa Comet 1, fupi, yenye madirisha makubwa ya pembe nne zilizoviringwa. Comet 4 ni ndefu zaidi, madirisha yake ni ya mviringo, na nyingi zina matangi ya mafuta yaliyochomoza mbele ya mabawa. Comet 4 ilianza kubeba abiria 1958, na East African Airways ikapata zake 1960. Filamu ikisema ni 1952 na unaona matangi hayo, umeshapata jibu.

Super VC10, fahari ya East African Airways kuanzia 1966, ina injini zote nne nyuma na mkia wa herufi T. Ndege nyingine yenye mpangilio huo ni Ilyushin Il-62 ya Urusi. Ikiwa imeegeshwa, Il-62 hushusha mguu mdogo chini ya mkia ili isikae chali. VC10 haina mguu huo. Pia ukingo wa mbele wa bawa la Il-62 una jino, yaani mahali unapochomoza ghafla.

Cessna za mabawa ya juu ndizo tunazoziona hadi leo zikiruka kutoka Kajjansi, kwa hiyo jicho limezizoea mno na kuacha kukagua. Cessna 180 hukalia gurudumu la nyuma. Cessna 172 ina gurudumu la pua. Tena 172 za kwanza zilikuwa na mkia uliosimama wima. Kuanzia modeli ya 1960 mkia ukalazwa nyuma, na kuanzia 1963 likaongezwa dirisha la nyuma. Kwa dirisha hilo pekee unaweza kuikamata filamu ikidanganya miaka kumi.

Ndege za vita za miaka ya 1960 na 1970 ni rahisi. Fouga Magister ina mkia wa herufi V. MiG-17 ina mdomo wazi puani na vizuizi vitatu vya upepo juu ya kila bawa, na MiG-15 inayofanana nayo ina viwili. MiG-21 ina koni iliyochomoza ndani ya mdomo wake na mabawa madogo ya pembetatu.

Hatua ya 5: Soma herufi, lakini zihoji

Kila ndege ya kiraia ina namba ya usajili, na mwanzo wake hutaja nchi. Uganda ya ukoloni ilitumia VP-U, Kenya VP-K, Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru zikawa 5X kwa Uganda, 5Y kwa Kenya na 5H kwa Tanzania. G ni Uingereza, F ni Ufaransa, N ni Marekani, 4X ni Israeli, EC ni Hispania, ZS ni Afrika Kusini. Kwa hiyo ndege inayoonekana ikitua Entebbe "mwaka 1955" huku ubavuni imeandikwa 5X imeandikwa na mtu ambaye hakuuliza.

Tahadhari moja: ndege za East African Airways ziligawanywa katika rejista za nchi tatu. Super VC10 zake zilikuwa pamoja na 5X-UVA, 5H-MMT na 5Y-ADA, na zote zilikuwa za shirika moja. Herufi za Tanzania kwenye uwanja wa Entebbe si kosa.

Ukipata herufi kamili, zitafute. Rejista ya Uingereza, inayoitwa G-INFO, ina kurasa za zamani zilizopigwa picha na kuwekwa wazi bila malipo. Internet Movie Plane Database hukusanya ndege filamu kwa filamu. Ni mahali pazuri pa kulinganisha jibu lako, ila litafute lako kwanza. Swali la kujiuliza ni hili: je, herufi hizi ni za ndege ya aina hii? Zikiwa zilisajiliwa kwa aina nyingine, zimepakwa kwa ajili ya filamu, na ndege yenyewe bado hujaijua.

Hatua ya 6: Tafuta ndege iliyovaa sura ya nyingine

Hapa ndipo mtazamaji makini hupata raha yake. Chukua Battle of Britain ya 1969. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt 109 zinazoonekana humo kwa wingi zilitoka Hispania, aina ya Hispano Buchón, iliyoundwa kutokana na Messerschmitt lakini ikafungwa injini ya Merlin ya Rolls-Royce. Simamisha fremu ya ubavu. Injini ya Kijerumani ilifungwa kichwa chini, kwa hiyo mabomba ya moshi yako chini, na pua inashuka laini kutoka juu. Merlin imesimama wima: mabomba yako juu karibu na kioo cha rubani, na chini ya propela kuna kidevu kinene. Ukishakiona kidevu hicho mara moja, hutakuja kudanganywa tena na filamu yoyote ya vita hivyo. Ndege za mabomu za Heinkel kwenye filamu hiyohiyo nazo ni za Hispania, na nazo zina Merlin.

Tora! Tora! Tora! ya 1970 ilitumia ndege za mafunzo za Kimarekani, T-6, zilizofanyiwa mabadiliko makubwa ili ziigize Zero za Japani. Filamu nyingine zilizitumia T-6 hizohizo bila kujisumbua kuzibadilisha. Bawa la T-6 lina ukingo wa mbele uliorudi nyuma na ukingo wa nyuma ulionyooka. Kwenye Zero ni kinyume: mbele pamenyooka karibu kabisa, nyuma ndiko kunakopinda.

Kwa ndege za mabawa ya juu na ya chini, tazama vibapa vinavyotikisika kwenye mabawa rubani anapokata kona. Tiger Moth inavyo kwenye bawa la chini tu. Stampe ya Ubelgiji, ambayo imeigiza ndege nyingi za Vita vya Kwanza, inavyo juu na chini. Na kabla hujaiita kila ndege ndogo ya aina hiyo Tiger Moth, angalia pua: Gipsy Moth, iliyotangulia, ina vichwa vya silinda vilivyochomoza juu ya pua, na mabawa yake hayakurudi nyuma. Out of Africa ya 1985, iliyopigwa Kenya, ilitumia Gipsy Moth halisi, na inafaa kusifiwa kwa hilo.

Kuhusu Entebbe 1976: filamu tatu zilitoka kati ya Desemba 1976 na mwaka 1977, na nyingine zikafuata. Ndege ya Air France iliyotekwa ilikuwa Airbus A300, yenye injini mbili tu, moja chini ya kila bawa. Filamu ikikuonyesha injini nne, ni mbadala. Ndege za uokoaji zilikuwa Hercules nne zenye propela za makasia manne kila injini. Hercules ya kisasa, C-130J, ina makasia sita, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1996. Hesabu makasia wakati propela imesimama, ndege ikiwa chini, kwa sababu ikizunguka kamera hudanganya.

Kwa kisa cha Hemingway, kipimo ni hicho hicho. Tarehe 23 Januari 1954 alikuwa kwenye Cessna 180 iliyogonga waya wa zamani wa simu karibu na Murchison Falls, na kesho yake Rapide iliyokuja kumchukua ikashika moto ikijaribu kupaa Butiaba. Filamu ya kweli kwa kisa hicho lazima iwe na Cessna inayokalia mkia, kisha ndege ya mabawa ya juu na ya chini. Cessna 172 haikuwa imeruka bado.

Hatua ya 7: Tumia tarehe kwa uangalifu

Ndege hukupa mwaka ambao picha haiwezi kuwa imepigwa kabla yake. Haikupi mwaka wa mwisho. DC-3 iliruka kwanza Desemba 1935 na bado zipo zinazofanya kazi, kwa hiyo DC-3 pekee haithibitishi kwamba picha ni ya zamani. Ili kubana upande wa pili, tafuta vitu vinavyokufa mapema: rangi za shirika na herufi za usajili. Rangi za East African Airways haziwezi kuwa za safari ya kawaida baada ya 1977, kwani shirika lilivunjika mwaka huo. VP-U haiwezi kuwa ya leo. Ukiwa na ndege inayosema "si kabla ya 1966" na rangi zinazosema "si baada ya 1977", umeshaipata miaka kumi na moja ya kutafutia.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tafuta filamu ya habari ya tarehe 7 Februari 1952, malkia mpya akishuka ngazi London akiwa amevaa nyeusi, Churchill na mawaziri wakimsubiri. Sahau kwanza kwamba unajua kisa.

Mabawa: jozi moja, chini. Injini: nne, za propela. Magurudumu: kuna la pua, ndege imekaa sawa. Mkia wa wima: mmoja, kwa hiyo Constellation ya Lockheed imeondoka, maana ina mitatu. Zinabaki Douglas DC-4, DC-6 na jamaa zao. Sasa angalia uso wa injini. DC-4 na DC-6 zina injini za duara, uso wa mviringo. Hizi ni nyembamba na ndefu, na chini ya propela kuna mdomo wa rejeta. Ni Merlin. Bodi la Douglas lenye injini za Merlin ni Canadair iliyoundwa Kanada, na zile zilizonunuliwa na BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ziliitwa Argonaut. Ukipata nakala safi, soma herufi: G-ALHK, iliyopewa jina la Atalanta.

Hiyo ndiyo ndege iliyomchukua Entebbe. Kutoka Nanyuki, Kenya, hadi Entebbe alikuja na DC-3 ya East African Airways, kwa hiyo filamu ya kuigiza inayomwonyesha akipanda Argonaut moja kwa moja kutoka Nanyuki imeruka sehemu yetu yote.

Hatua ya 8: Waulize waliokuwepo, kisha andika

Entebbe bado ina wazee waliofanya kazi uwanjani enzi za East African Airways: mafundi, wapakia mizigo, wajaza mafuta, wapishi wa ndege. Nenda kwa adabu, msalimie mzee, kaa, na usitaje jina la ndege kwanza. Ukisema "Mzee, hii si Comet?" atakubali ili asikuvunje moyo. Muulize: "Mzee, mlango wa mizigo ulikuwa upande gani? Mlikuwa mnajaza mafuta juu ya bawa au chini? Ikiwashwa, ilikuwa inatoa moshi?" Halafu mwonyeshe skrinishoti. Mtu aliyeshika kitu kwa mikono yake hukumbuka mahali pa kila kitasa, hata pale jina limemtoka.

Mwisho, andika ulichoona na jinsi ulivyofikia jibu. Jina la filamu, dakika, kipande gani, umbo, herufi kama zipo, jibu, na kiwango cha uhakika. Mimi huandika hivi: "Dakika 41:07, ikipaa. Bawa la chini, injini mbili za duara, mkia mmoja, magurudumu yamechungulia. DC-3 au C-47. Upande wa kushoto hauonekani, kwa hiyo mlango haujulikani. Hakika ya aina, si ya modeli." Anayekuja baada yako akiwa na nakala bora ataanzia hapo ulipoishia. Fremu ambazo hazikupata jibu zihifadhi kwenye folda yao, majibu ya umbo yakiwa pembeni, na uzirudie kila unapojifunza ndege mpya.